Muwa wa Mama Dahabo

Tangu nirudi, kila anayenikuta langoni mwa kituo ananitazama mikono kabla hajanisalimia. Mlitarajia mzigo wa miwa. Mliniona nashuka na gunia moja lenye matope, mkacheka, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa hoi na midomo imenipasuka. Sasa midomo imepona. Nimekaa chini kuwaandikia wote kwa mpigo, maana nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye foleni ya chai.

Marafiki wa kanisani ambao hamjawahi kuelewa kazi yangu, niwaeleze kwa ufupi. Huu ni mwaka wangu wa thelathini kwenye kituo cha miwa. Tunazalisha mbegu mpya. Tunachukua muwa mzito wenye sukari nyingi lakini unaougua ovyo, tunauozesha kwa muwa mwembamba usiojua ugonjwa, tunangoja maua, tunakusanya mbegu zake ambazo ni ndogo kuliko chawa, tunaotesha maelfu, halafu tunatupa karibu yote. Mpaka mkulima apate kitu cha kupanda, zaidi ya miaka kumi imepita. Adui anayetusumbua sasa ni ugonjwa wa masizi. Ncha ya muwa inatoa ujiti mweusi uliopinda, ukiugusa vidole vinabaki vyeusi, na shina lote linakonda hadi kuwa nyasi. Mwaka jana niling'oa kwa mikono yangu mche niliokuwa nikiulea kwa miaka sita. Nililia shambani, na wengine wenu mliniona.

Siku hiyo ndipo nilipokumbuka miwa ya Waberi. Mnajua nilizaliwa na kukulia mtaa huo wa Garissa, baba yangu akifundisha shule ya msingi. Jirani yetu, Mama Dahabo, alikuwa na kishamba kando ya Mto Tana, na humo mlikuwa na miwa myeusi inayokaribia zambarau, yenye ganda gumu la kuvunja meno. Mimi na binti yake, Sahra, tulikulia ndani ya miwa ile. Nilipoyachambua yote niliyoyaona utotoni, sikukumbuka hata siku moja kuona ule ujiti mweusi, ingawa mashamba ya jirani yalikuwa nao na sisi tuliutumia kuchorea masharubu.

Nilimweleza mkubwa wangu. Nafasi moja ya kuozesha imebaki kwa jina langu, msimu ujao wa maua, kisha nastaafu. Miaka thelathini nimeozesha miwa ya watu wengine. Akaniambia, "Lete mzazi aliye hai, mama Rose. Kumbukumbu haitoi maua." Akanipa wiki mbili.

Darajani

Mambo ya tiketi na vibali nayaruka, yananitia hasira hata sasa. Naanzia kwenye kizuizi cha polisi kabla ya daraja la Tana, ambapo sote tulishushwa tupange mstari na vitambulisho mkononi. Afisa alifungua mfuko wangu akatoa panga.

"Mama, hili la nini?"

"La kukatia miwa."

Akawatazama wenzake. "Unaenda wapi?"

"Garissa, na mbele kama itabidi."

"Na mbele," akarudia polepole. "Mama, mbele huko miwa iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za ugonjwa wa masizi, na hilo lilikuwa kosa, maana mimi nikianza siachi. Basi lilingoja dakika arobaini. Abiria mwenzangu, mama mmoja wa Modogashe aliyekuwa amenigawia tende njia nzima, alinitetea kwa Kisomali, sijui alisema nini, lakini afisa alicheka akanirudishia mfuko bila panga. Akasema nitalichukua nikirudi.

Tulipovuka daraja nikatazama chini. Mto ulikuwa na rangi ileile ya chai ya maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne baba alipopewa uhamisho, na siku tuliyoondoka nilipiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha lori nikautazama hadi ukapotea. Sikuwa nimerudi tena. Nilidhani ningelia, kumbe nilikuwa nimekasirika kuhusu panga.

Waberi

Nyumba yetu ipo, ila imeota ghorofa. Nilisimama mbele yake kama mdai, mpaka mwanamke mmoja akatoka kuniuliza natafuta nani. Akanielekeza kwa kaka yake Sahra, Hassan, mwenye duka la jumla mitaa miwili kutoka hapo. Nilimwacha kijana wa suruali fupi, nimemkuta mzee mwenye ndevu za hina.

Alinitazama kwa muda. "Rose ya mwalimu," akasema. "Wewe ndiye ilianguka kwa mto na sare."

Kwa hiyo hilo ndilo nililoacha Garissa.

Aliniketisha kwenye magunia ya mchele, akaagiza chai yenye iliki na mahamri, akanipa habari moja moja. Mama Dahabo alifariki zamani. Shamba halipo.

"Maji ilibeba yote," Hassan akasema, p zake zikiwa b na v zikiwa f kama zamani. "Mafuriko ilikuja usiku, asubuhi hakuna hata mbaka ya shamba. Miwa ilienda bahari."

Nikaweka kikombe chini. Nadhani uso wangu ulimtisha, kwani aliongeza haraka, akiniita dada kwa Kisomali, "Ngoja, abaayo. Sahra anayo. Siku ya harusi mama alimfungia fibande tatu, akasema mahali unaenda hakuna mto, banda hii karibu na maji unayobata. Mimi niliona ni ujinga. Lakini iko hai, nimeiona."

Sahra aliolewa Banissa, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kutoka Garissa huko si safari ya asubuhi. Hassan alijaribu simu, mtandao wa Banissa ulikuwa umekatika, sasa siku ya tatu, basi akatuma ujumbe kwa dereva wa lori lake la bidhaa lililokuwa linatangulia: Rose wa mwalimu anakuja, anataka miwa ya mama. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema hivyo, na sikuona kasoro yoyote. Kwetu kituoni mtu akisema anataka miwa hakuna anayefikiria meno.

Kutulo

Garissa hadi Wajir nilisinzia. Wajir hadi Kutulo barabara ni mara lami mara vumbi, na tulipofika Kutulo tukaambiwa tungoje gari la polisi la kutusindikiza. Lilifika siku moja na nusu baadaye.

Sijui kama nimewahi kungoja vizuri namna ile. Kulikuwa na kibanda cha chai cha turubai, mwenye nacho akipika anjera, zile chapati laini za unga uliochachuka, asubuhi na tambi na ndizi mchana. Ndiyo, ndizi pembeni ya tambi zenye nyama, na mtu anauma hiki na hiki. Baba yangu alikuwa akila hivyo tulipokuwa Waberi, na mama yangu alikuwa akiondoka mezani. Nilikula sahani mbili kwa heshima ya baba.

Mfugaji mmoja aitwaye Adan, mtu wa makamo mwenye bakora na miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, naye alikuwa akingoja, ila yeye alingoja ngamia wake wanyweshwe kisimani. Akaniuliza kazi yangu.

"Naozesha miwa."

Hakucheka. "Miwa iko dume na jike?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo baadhi yenu hamjawahi kulifanya.

"Sisi tunafanya hiyo na ngamia," akasema. "Dume hatuangalii yeye. Tunaangalia mama yake. Na mama ya mama yake." Akaanza kunitajia nasaba ya ngamia wake mmoja, jina baada ya jina, nani alizaa nani na katika ukame upi. Nilihesabu vizazi saba kisha nikapotea. Kwenye kituo chetu tuna kompyuta kwa kazi hiyo.

"Sasa hiyo miwa yako," akauliza, "mama yake nani?"

"Simjui mama yake. Najua ulikuwa haugui."

"Uliona wakati gani?"

"Nilipokuwa mtoto. Kando ya mto."

Akatikisa kichwa, kama fundi aliyeletewa kiti kibovu. "Kando ya mto kila kitu ni fizuri. Mwaka ya mfua kila ngamia ni mzuri, hata ile mbaya. Usichague hapo. Angalia mwaka ya ukame nani amebaki amesimama."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari la kazi, ukurasa mmoja na vipimo vya udongo. Gari la polisi lilipokuja, Adan alinipa chupa ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akasema nikirudi nimwambie kama muwa ulibaki umesimama.

Banissa

Kutoka Elwak nilipanda gari la mizigo lililobeba sukari, mikeka na mimi. Tulipita Takaba tukiwa na pancha mbili, na kila gurudumu lilipofunguliwa dereva alitumia nafasi hiyo kuswali, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Tulifika Banissa mchana, jua likiwa kali.

Sahra alikuwa amesimama mlangoni. Amenenepa, mimi pia. Alinishika uso kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinishika mama yake, na hapo ndipo machozi yaliyokataa kutoka darajani yalipotoka yote.

Aliniketisha kwenye mkeka, akaniletea maji, wali, nyama ya mbuzi, na nyirinyiri, vile vinyama vikavu vya kukaanga, vikielea kwenye samli. Halafu akaja na sinia kubwa lililofunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, akaliweka katikati, akaketi, akafunua.

Miwa. Imemenywa ikawa myeupe, imekatwa vipande vya urefu wa kidole, imepangwa duara kwa duara. Sinia zima.

"Hassan alituma maneno," akasema, uso umemng'aa. "Rose anakuja, anataka miwa ya mama. Mimi nikasema, maskini, siku zote hizo barabarani sababu ya miwa, huyu bado ana meno yake. Nimekata yote saba asubuhi. Sikuacha hata moja. Mgeni ametaja kitu njiani, utampa nusu?"

Ndugu zangu, muwa huzaliwa kutokana na macho yake, vile vitone vilivyo kwenye kila pingili. Ukiumenya, macho yanakwenda na ganda. Sinia lile lilikuwa muwa wote uliobaki wa Mama Dahabo, na halikuwa na jicho hata moja.

"Na ncha?" nikauliza. Ncha ndiyo inayoota upesi kuliko yote.

"Mbuzi wamekula. Na maganda. Wamefurahi sana." Akanisogezea sinia. "Kula, abaayo."

Mngefanya nini nyinyi? Nilikula. Nilitafuna kipande cha kwanza, na utamu ule ukanirudisha moja kwa moja kwenye ukingo wa Tana, miguu yetu majini, Mama Dahabo akitukemea tusiteme makapi mtoni. Nililia tena. Sahra alidhani ni kumbukumbu, na alikuwa sahihi kwa nusu. Nilikula vipande kumi na saba, yeye akihesabu kwa furaha, na kila kimoja kilikuwa kitamu kuliko kile cha kwanza.

Nilipoweza kusimama nilimwomba anionyeshe mahali ulipokuwa.

Nyuma ya nyumba kuna bamba la saruji ambapo watu wa nyumbani hutia udhu. Maji yanayotoka kwenye mikono na miguu yao yanapita kwenye kijifereji kifupi, na mwisho wa kijifereji ndipo alipoupanda. Hakuna maji mengine yaliyowahi kuufikia. Sahra alisema kuna miaka waliyokunywa maji ya kuletwa kwa magari, mbuzi wakafa mpaka zizi likawa tupu, lakini swala haikukatika, basi birika moja kwa kila mtu, mara tano kwa siku, muwa ukaishi. Nikamkumbuka Adan na maneno yake ya mwaka wa ukame.

"Uliwahi kuona ujiti mweusi kwenye ncha?"

"Ule wa masharubu?" Akacheka. "Hapana. Huu haujawahi kuugua."

Nilipiga magoti. Ulikuwa umekatwa chini kabisa, kama mama yake alivyotufundisha, na kisiki kilikuwa kimebaki ardhini, kikubwa kama sufuria ya ugali. Nilifukua kwa vidole. Chini ya udongo kulikuwa na macho, manene, mazima. Nilihesabu manane.

Hapo nikamwambia ukweli. Kwamba sikuja kula. Kwamba nilitaka vipande vya kupanda, na kwamba kama kisiki kitabaki hapa nikangoja kichipue, msimu utanipita na nitastaafu bila kuozesha muwa wangu hata mmoja. Nilijisikia mwizi nikisema hayo, na ladha ya muwa wake bado iko mdomoni.

Sahra alikitazama kisiki. "Ungesema unataka kupanda," akasema. "Hassan alisema unataka. Mtu anataka, anapewa ale." Kisha, akiwa bado anatazama kisiki, "Mama alinipa vipande vitatu, yeye alibaki na shamba nzima. Wewe ukibeba hii, mimi nabaki na nini yake?"

Adhana ya alasiri ikasikika. Alichukua birika, akatia udhu juu ya bamba kama kila siku, maji yakateremka hadi kwenye kisiki. Akaingia ndani kuswali. Aliporudi alikuwa na shoka.

"Gawa katikati. Shika wewe, mimi mkono utakataa."

Kugawa kisiki si jambo la kuchezea. Kinaweza kufa pande zote mbili, nami nilimwambia hivyo. Akasema anajua. Nilipiga mara tatu. Kilipasuka vibaya, upande mmoja ukabaki na macho matano, mwingine matatu. Nikausogeza ule wa matano upande wake. Yeye akauinua, akauweka kwenye gunia langu, kisha akaufukia wa matatu kwa mikono yake.

"Wewe ni mgeni," akasema, na mjadala ukaisha.

Kurudi na gunia

Hofu yangu ilikuwa jua. Kisiki kikikauka siku moja tu, kwisha. Nilikuwa na dumu dogo la maji nikinyunyiza kwa kiganja, na kabla ya Takaba lilikuwa tupu. Dereva aliyekuwa akinitazama kwenye kioo akauliza nimebeba nini kinachokunywa kuliko injini. Nikamweleza habari zote, na za bamba la udhu pia.

Gari liliposimama kwa swala, alilishusha gunia mwenyewe, akalifungua mdomo, akachuchumaa, akatia udhu juu yake. Wenzake watatu wakafuata, mmoja baada ya mwingine, wakinawa mikono, nyuso na miguu kwa makini ili maji yasimwagike pembeni. Baada ya hapo haikuwa kazi yangu tena. Kila kituo cha swala nilisikia mtu akiuliza, "Gunia ya mama iko wapi?" Mpaka Elwak, mpaka Wajir, gari moja likilikabidhi jingine pamoja na maelezo. Mimi mtoto wa kanisa nilikaa kivulini nikiwatazama, na sijawahi kuona mche wowote wa kituo chetu ukitunzwa namna hiyo.

Kutulo Adan hakuwepo, alikuwa amekwenda na ngamia. Niliacha ujumbe kwa mwenye kibanda: mwambie ulibaki umesimama.

Darajani yule afisa alinitambua. "Mama wa panga. Miwa iko wapi?" Nikafungua gunia. Akachungulia muda mrefu.

"Hiki ni kisiki."

"Ndiyo."

Akaenda akaleta panga langu, limefungwa kwenye gazeti. Nadhani alinihurumia.

Kituoni

Kisiki kiko kwenye nyumba ya karantini, kwenye ndoo ya bluu, na ndiyo sababu nawakataza kuingia humo na viatu vyenu. Macho manne yameoza. La tano lilitoa chipukizi wiki iliyopita, jekundu, lenye urefu wa kijiti cha kiberiti. Mkubwa wangu alikuja kulitazama mara mbili. Hesabu yake ni rahisi: likiachwa likue bila kuguswa, linapelekwa pwani ambako miwa hukubali kutoa maua, nami nazalisha msimu ujao kwa jina langu. Machipukizi mengine yakija pembeni yake, yatachelewa, hayatachanua kabla sijaondoka.

Jumapili nilimpigia Sahra kumpa habari. Alishangilia hadi simu ikakoroma. Nikamuuliza kuhusu kisiki chake. Akasema kinaendelea, kinaendelea, akanigeuzia mazungumzo kwenye wajukuu. Namjua tangu tukiwa na miaka mitano. Nikampigia Hassan.

"Chake imekufa," Hassan akasema. "Alikataza nikuambie. Lakini bado anamwaga maji hapo, abaayo. Mara tano."

Basi hivi ndivyo ilivyo, na mkubwa wangu anajua, maana nilimwambia jana na hakufurahi. Muwa huo ukifika kiunoni nitaukata, wote, na kila kipande chenye jicho kitakwenda Banissa. Muwa uliokatwa hautoi maua. Msimu ujao jina langu halitakuwa kwenye orodha, na atakayekuja baada yangu atauozesha utakaochipua tena kwenye kisiki miaka yake ikifika, akiona unafaa. Utafaa. Nimeona mahali ulipobaki umesimama.

Nimeshamwambia Sahra kwamba nakuja. Akajua nimejua. Kisha akaniuliza safari hii aniandalie nini kwenye sinia.

"Chochote, abaayo," nikamwambia. "Ila miwa, hapana."